Alimlipa Fundi Bomba Laki Nne, Akaachiwa Hasara ya Milioni Nne: Mpambaji wa Maharusi Alivyodai Chake Mpaka Mahakamani

Mdau, fungua simu yako sasa hivi utafute neno "Fundi". Utawakuta wamejipanga kwenye mstari: Fundi Bomba, Fundi Umeme, Fundi Friji, Fundi Geti, Fundi Geti Mpya. Hakuna jina la baba wala hujui anakaa wapi. Wengine hata sura zao umeshazisahau. Lakini hao hao ndio unaowaachia funguo za nyumba uliyojinyima miaka kuijenga.

Mwanadada wa stori hii naye alikuwa na "Fundi Bomba" kwenye simu yake, hivyo tu. Mjini anafahamika kwa kupamba maharusi na kukodisha magauni, na mtandaoni ana wafuasi wa kutosha kiasi kwamba akiposti bibi harusi asubuhi, mchana simu haikauki. Ana miaka 29. Mjengo wake uko Kimara, vyumba vitatu, na kila tofali lina historia yake. Harusi moja mifuko ya saruji, harusi nyingine mabati. Alihamia nje hakujapigwa hata rangi, kwa sababu alichoka kulipa kodi sehemu mbili, ya kulala na ya kuweka magauni. Chumba kimoja akakifanya stoo ya kazi: magauni, shela, viatu, maboksi ya vipodozi, kabati kubwa la MDF lenye kioo.

Kilichobaki ilikuwa mabomba ya ndani. Hapo ndipo jirani alipoingia.

"Huyu ni mwanangu, usihangaike"

Jirani ni mama mtu mzima, yule ambaye mwanadada akipika pilau lazima sahani moja ivuke ukuta. Alipomsikia anaulizia fundi akamwambia, "Mwanangu, unahangaika nini na mimi nipo? Nina mtoto wa dada yangu, kazi yake ni hiyo hiyo. Huyu ni mwanangu, hawezi kukuangusha."

Sasa hapo utaanza kudai mkataba? Utamwambia mama wa watu umletee mwanao na kitambulisho? Wengi wetu mjini tunanyamaza, na mwanadada akanyamaza. Fundi akaja, akaangalia, akasema ufundi 400,000, nusu mwanzo nusu mwisho. Orodha ya vifaa akaituma WhatsApp: mabomba ya PPR, elbo, ti, koki, jumla 630,000, akanunue mwenyewe kwa sababu "madukani wanamjua". Hela zikatumwa kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke. Fundi akasema laini ni ya mke wake. Poa, mambo ya kawaida hayo.

Kazi ikapigwa siku mbili za mwezi Machi. Bomba moja lilitoka kwenye tenki la nje, likapanda darini, likapita juu ya sebule na juu ya stoo mpaka bafuni. Fundi wa jipsamu naye alikuwa mlangoni anasubiri afunge dari akawahi kazi nyingine. Tatizo, siku hiyo maji hayakuwepo, tenki lilikuwa kavu. Mwanadada akamuuliza fundi bomba kama wasubiri maji yaje wapime kwanza. Akajibiwa kwa ujumbe wa sauti, sekunde kumi na kitu, nyuma yake kelele za bodaboda:

"Dada, we mwambie afunge tu. Kazi yangu naijua. Likivuja niite mimi, gharama zote juu yangu."

Kumbuka huo ujumbe wa sauti. Utarudi mbele ya hakimu.

Doa la njano

Wiki mbili zikapita. Siku moja anafagia sebuleni, akainua macho, akaona doa la njano darini, ukubwa wa sahani. Akalipiga picha akamtumia fundi. Jibu: "Hilo jasho la bomba dada, litakauka lenyewe." Na kweli, maji yalipokatika siku kadhaa, doa likaonekana kama limekauka.

Jumatano ya wiki iliyofuata akaondoka kwenda Morogoro kupamba harusi ya Ijumaa. Koki hakuifunga. Maji ya mgawo yalikuwa hayajatoka karibu wiki nzima, na yeye alitaka akirudi akute tenki limejaa, maana Jumamosi alikuwa na bibi harusi mwingine Dar. Kila anayekaa mtaa wa mgawo anaielewa hesabu hiyo.

Maji yakarudi usiku wa Alhamisi. Saa kumi na moja alfajiri simu yake ikaita. Kijana wa nyumba ya nyuma: "Dada, kwako maji yanatoka chini ya mlango mpaka barabarani."

Alipofika nyumbani mchana wa Ijumaa, kazi ya Morogoro kaiachia wasaidizi wake, sebule haikuwa sebule. Elbo ya darini ilikuwa imechomoka. Tenki lilikuwa likimwaga kwa juu, na kila lilipopungua maji ya bomba la mtaani yakalijaza tena, usiku kucha. Dari ya jipsamu ilikuwa imevimba kama andazi halafu ikashuka nzima nzima, juu ya televisheni na juu ya makochi. Stoo ndiyo usiseme. Uji mweupe wa jipsamu ulikuwa umeganda kwenye lesi za magauni. Kabati la MDF lilikuwa limetuna miguu, milango haifungi. Miongoni mwa magauni yaliyoharibika ni lile la bibi harusi wa Jumamosi, aliyeshalichagua, akalipima na kulilipia nusu.

Watu waliomwona siku ile wanasema hakulia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupiga simu kwa mpambaji mwenzake, ambaye kwa kawaida hawapikiki chungu kimoja, kumuomba gauni la kukodi. Akalipata kwa 180,000. Bibi harusi akapendeza, hakujua kitu.

Dakika arobaini za hasira

Fundi alikuja jioni. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, akaangalia juu, akatikisa kichwa. "Dada, presha ya maji ilikuwa kubwa. Haya ni mambo ya Mungu." Akaahidi kurudi kesho na mashine. Kesho hakuja. Keshokutwa simu ikawa haipatikani.

Mwanadada akaenda kwa jirani. Mama akasema, "Mwanangu, ndiyo bahati mbaya hiyo. Unataka mtoto wa watu aende akaibe akulipe?" Sentensi hiyo ilimuuma kuliko dari.

Usiku huo akatuma ujumbe kwenye ile namba ya mke wa fundi: "Mwambie asiponilipa leo namwanika." Halafu akaweka picha ya fundi kwenye stetasi ya WhatsApp, ile aliyompiga siku ya kazi akiwa juu ya ngazi anacheka, na maneno: TAPELI HUYU, MSIMPE KAZI. Alikuwa anaandaa kuirusha na Insta kwa wafuasi wake wote.

Aliyemzuia ni dada yake mkubwa, kwa simu. Hakumpa mawaidha marefu. Alimwambia, "Futa hiyo kitu halafu kesho nenda ukaonane na yule mteja wako wa msaada wa kisheria." Stetasi ikafutwa baada ya dakika arobaini. Lakini unaijua mitandao. Skrinishoti ilishatembea, mpaka kwenye kundi la wazazi wa shule anayosoma mtoto wa fundi.

Mteja mwenyewe ni mama mmoja aliyempamba mwaka uliotangulia. Ni msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaokusaidia kujua haki yako na pa kuanzia. Akamkalisha chini.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyeumia. Ukimtumia mtu ujumbe wa kumtisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakusubiri wewe. Ukirusha sura yake na namba yake, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unataka kudai au unataka kudaiwa?"

Akaongeza jambo la pili, ambalo halipo kwenye sheria yoyote: fundi anaishi kwa jina. Ukishalichafua jina, humpi tena sababu ya kukulipa, na unamnyima kazi ambazo zingempa hela ya kukulipa.

Kuandika hasara ni kazi

Swali la kwanza la mwanadada lilikuwa lile la kila mtu: "Lakini hatukuandikishana?"

Jibu ni kwamba makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kila mkataba lazima uwe kwenye karatasi yenye mhuri. Watu wawili wazima wamekubaliana kwa hiari, kazi halali kwa malipo halali, hapo mkataba upo. Kifungu cha 73 kinasema aliyevunja mkataba anamlipa mwenzake hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunja huko. Shida haiko kwenye kuwepo kwa mkataba, iko kwenye kuuthibitisha. Na hapa simu yake ilikuwa imejaa ushahidi: orodha ya vifaa, miamala, picha ya doa na jibu lake, na ule ujumbe wa sauti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe eti kwa sababu tu umetoka kwenye simu.

Kitu kimoja alikuwa amefanya vizuri bila kuambiwa na mtu. Kabla hajashika ufagio, alichukua video nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka maji yanavyochuruzika kwenye soketi. Kitu cha pili aliambiwa: asiruhusu mtu yeyote kutupa ile elbo.

Akaitwa fundi bomba mwingine, mzee wa makamo, mbele ya mjumbe wa mtaa kama shahidi. Mzee akapanda ngazi, akashuka na elbo mkononi, akawaonyesha. Mabomba ya PPR hayagundishwi kwa gundi. Yanachomelewa kwa mashine ya moto, nyuzi joto kama 260 hivi, bomba na elbo vinayeyuka kidogo, unasukuma mpaka mwisho, vinakuwa kitu kimoja. Hili lilikuwa limeingia nusu tu, na upande mmoja plastiki haikuyeyuka kabisa. Ama mashine haikupata moto, ama mtu alikuwa na haraka.

Halafu akasema jambo lililobadilisha kesi nzima. "Huyo anasema presha ya maji. Presha gani? Bomba hili halijaunganishwa na mtaani, limetoka kwenye tenki. Maji yakishaingia kwenye tenki yanashuka kwa uzito wake tu, leo kama jana. Tenki lenyewe halijahama. Presha ya mtaani haifiki darini humu."

Ilibaki orodha ya hasara. Ya kwanza aliyoandika mwanadada usiku wa hasira ilifika milioni nane na nusu. Ilikuwa na makochi, wigi mbili, na milioni mbili za "usumbufu wa moyo". Msaidizi wa kisheria akachukua kalamu akaanza kukata. Makochi yameanikwa yamekauka? Toa. Wigi una risiti? Huna, toa. Moyo wako mdogo wangu una thamani, lakini hakimu atakuuliza umepataje milioni mbili. Akamwambia na hili, sheria inaangalia pia kama ulijitahidi kupunguza hasara au uliiacha iozee ili ikue. Magauni yanayofulika yafuliwe, udai hela ya kufulia.

Orodha ya mwisho ilikuwa hivi:

Dari ya sebule na stoo, vifaa na ufundi: 1,450,000
Magauni manne yasiyofaa tena: 1,200,000
Televisheni, kwa bei ya iliyotumika: 650,000
Kabati la MDF: 480,000
Kurekebisha bomba na umeme: 275,000
Kukodi gauni la bibi harusi wa Jumamosi: 180,000
Kufua magauni mengine matano: 150,000

Jumla 4,385,000. Karibu nusu ya ile ya kwanza, lakini kila mstari ulikuwa na karatasi nyuma yake.

Kituo kwa kituo

Kabla ya hapo alishapita kituo cha polisi, akaambiwa ukweli ambao wengi hatuupendi: hii si jinai, ni madai. Fundi aliyefanya kazi vibaya si lazima awe mwizi. Hakuna wa kumweka ndani.

Akaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akawaita wote: mwanadada, fundi, na mama jirani ambaye alikuja amevaa kitenge cha msibani. Hapo ndipo fundi alipoongea kwa mara ya kwanza. Hakukana kwamba kazi ni yake. Alisema siku ile mashine ya kuchomelea ilikuwa ya kukodi, anailipia kwa siku, na alikuwa na saiti nyingine mbili. Alisema mtoto wake amerudi shule akilia kwa sababu wenzake wamemwambia baba yako tapeli. "Mimi sikumuibia dada. Kanichafua."

Ofisi nzima ikamgeukia mwanadada. Alichofanya hakikuwa kwenye ushauri wa mtu. Alisema, "Fundi, kwa hilo la stetasi nakuomba radhi, mbele ya mwenyekiti. Lakini dari yangu iko chini."

Fundi akaweka mezani laki mbili ya pole. Mama jirani akasema chukua mwanangu, yaishe. Mwanadada akakataa, kwa adabu. Pole ni pole na fidia ni fidia. Angeipokea kama pole ya kumaliza mambo na kusaini, ndiyo ingekuwa imeisha hapo hapo.

Hawakuelewana, lakini kikao hakikuwa bure. Muhtasari wa mwenyekiti uliandika majina matatu kamili ya fundi, anapoishi, na maneno yake kwamba kazi aliifanya yeye. Unakumbuka muamala ulikuwa na jina la mke? Bila ule muhtasari angemshitaki nani, "Fundi Bomba"?

Ikafuata barua ya madai, ukurasa mmoja, siku kumi na nne, imepelekwa kwa mkono na nakala kusainiwa. Siku zikaisha kimya. Akaenda kufungua madai Mahakama ya Mwanzo. Ni pale pale karibu na wananchi, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na hakuhitaji kukodi wakili kudai deni lililotokana na mkataba wa kiasi kama kile. Alilipa ada ya kufungua na gharama ya kupeleka wito, akapewa tarehe.

Swali la hakimu

Usidhani kesi ni kama kwenye tamthilia. Tarehe ya kwanza fundi hakuja. Ya pili shahidi hakuwepo. Kila tarehe mwanadada anafunga kazi, anakaa kwenye benchi na faili lake la plastiki, anaangalia kesi za watu wengine za kuku, kodi na mikopo ya vikoba. Ya tatu ndiyo ikaunguruma.

Ujumbe wa sauti ukachezwa. "Likivuja niite mimi, gharama zote juu yangu." Chumba kizima kikasikia na kelele za bodaboda. Mzee fundi akaeleza habari ya tenki na presha, akaionyesha elbo. Fundi akaulizwa kama ana swali, akasema hana.

Halafu hakimu akamgeukia mwanadada. "Doa uliliona lini?" Akataja tarehe. "Ulipoondoka kwenda Morogoro, doa umeshaliona. Koki kwa nini hukuifunga?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuwa na karatasi yake. Alijibu alivyoweza. Kwamba alimuuliza mwenye ujuzi, akaambiwa ni jasho la bomba. Kwamba maji yalikuwa hayapo. Kwamba alimwamini. Hakimu akaandika, hakusema kitu. Lakini kila mtu kwenye benchi alielewa kwamba milioni nne na laki tatu na ushee haiko salama tena.

Walipoulizwa kama wanataka kukaa wapatane kabla ya kuendelea, mwanadada alitoka nje akampigia msaidizi wa kisheria. Ushauri ulikuwa mfupi: "Hata ukishinda yote, utakamata nini kwake? Ngazi? Hukumu ni karatasi mpaka mtu awe na cha kulipa. Angalia unachoweza kukipata, siyo unachostahili tu."

Wakapatana milioni mbili na laki saba. Laki tatu papo hapo, iliyobaki laki mbili kila mwezi kwa miezi kumi na mbili. Mahakama ikayaandika makubaliano, kwa hiyo fundi akiyakwepa, mwanadada anarudi kukaza utekelezaji bila kuanza kesi upya. Siku wanasaini, fundi alimuuliza nje, bila hasira, "Dada, nani kakurekebishia lile bomba?" Akamtajia yule mzee. Fundi akasema, "Yule ndiye aliyenifundisha kazi."

Mpaka sasa zimeingia 1,100,000. Mwezi mmoja ulichelewa siku tisa. Dari imerudi sebuleni, stoo bado ina mabati wazi. Na mama jirani? Wanasalimiana kwa "habari za asubuhi" basi. Sahani ya pilau haijavuka ukuta tena. Hiyo haikuwa kwenye orodha ya hasara, na hakuna wa kuilipa.

Kwa hiyo usichezee haya

Fundi akija kwa udugu, mshukuru aliyemleta, halafu chukua majina yake kamili na picha ya kitambulisho chake. Siyo dharau. Fundi mwenye kazi yake hatishiki.

Andika hata kwenye WhatsApp: kazi gani, bei gani, nani ananunua vifaa, ikiharibika nani analipa. Mwambie ajibu "nimekubali".

Bomba halifunikwi kabla ya kupimwa. Kama maji hayapo, fundi wa jipsamu asubiri, au nunua maji ya gari ujaze tenki. Ni bei ndogo kuliko dari.

Usimalize hela ya ufundi siku ya kazi. Bakiza fungu mpaka maji yapite siku kadhaa.

Ukiona doa, funga koki. Ukisafiri, funga koki. Hata fundi aseme nini.

Likitokea la kutokea, video kwanza, ufagio baadaye. Na kile kipande kilichochomoka ni shahidi wako, kiweke kwenye mfuko.

Na ukishikwa na hasira, mpe mtu simu yako akushikie. Yule mwanadada alihitaji kikao kizima na radhi mbele ya mwenyekiti kufuta dakika arobaini, na mtoto wa fundi bado anaulizwa shuleni.

Ungekuwa wewe, ungekubali milioni mbili na laki saba ya mafungu, au ungekomaa na kesi mpaka hukumu? Na ile laki mbili ya pole, ungeichukua ili sahani ya pilau iendelee kuvuka ukuta?